Nilivyopambana na kuboeka baada ya kazi

Kuna watu wanasema kuboeka ni uvivu, mi sikubaliani kabisa. Mi nilikuwa nateseka jioni kazi zikishaisha, yaani usingizi hauji, vitu vya kufanya vipo lakini moyo hautaki hata kimoja, basi nafungua simu, nafunga, nafungua tena, video ya kwanza naiangalia kidogo naruka, ya pili naruka, na kadiri navyoruka ndo navyozidi kuboeka.

Kilichonifungua macho ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto uliotoka 2024, walifanya majaribio na watu zaidi ya 1,200 wakakuta kurukaruka video, au kuipeleka mbele, kunaongeza kuboeka badala ya kukupunguza. Akili haipati muda wa kuzama. Nilivyosoma nikaona ndo hali yangu ile ile.

Simu sikuiacha, kuiacha ghafla kunaniongezea kiu tu. Nilichobadilisha ni kwamba nikichagua video ni hiyo hiyo mpaka iishe. Halafu nikatafuta kitu cha mikono, kigumu kidogo kwangu, nikachukua penseli nikawa nachora mkono wangu wa kushoto. Dakika za mwanzo zinaboa kweli, sidanganyi mtu, unatamani uinuke ukafanye chochote kile. Ila ukivuka hapo unaanza kuona vitu ambavyo umeishi navyo miaka yote hujawahi kuvitazama, ngozi ya kwenye kiungo cha kidole gumba ina mikunjo inapishana, kucha inajikunja pembeni kabla ya kuingia kwenye nyama, kivuli cha katikati ya vidole wala sio cheusi, ni kijivu kinachokolea taratibu, unafuta unarudia, kuja kushtuka giza limeshaingia.

Sio lazima uchore. Muhimu kisiwe chepesi sana maana chepesi kinachosha haraka, na kisiwe kigumu mpaka ukakata tamaa, hapo katikati ndo pazuri na utapajua mwenyewe kwa kujaribu.

Ila jamani, kama hata vile ulivyokuwa unavipenda havikuvutii tena, na hali imeenda wiki kadhaa, usingizi na hamu ya kula navyo vimebadilika, hiyo inaweza isiwe kuboeka tena bali sonona, usijitibu kwa penseli, nenda kaonane na daktari.