Bili ya uniti 47

Nyumba yetu ya watu watano hutumia uniti tisa au kumi za maji kwa mwezi. Mwezi wa tatu ikaingia meseji: uniti 47, shilingi 78,000 na ushee, na kontrol namba ya kulipia. Nikaenda ofisi za mamlaka ya maji siku ileile nimefura. Dada wa dawatini akaniuliza swali moja tu: "Dira yako ya maji sasa hivi inasoma ngapi?" Sikujua. Akasema nilipe kwanza, kama kuna kasoro itarekebishwa bili ijayo.

Miaka sita nimekaa nyumba hii na kifuniko cha dira sijawahi kukifunua. Nikachuchumaa, nikapangusa tope kwenye kioo. Namba nyeusi ndizo uniti, na uniti moja ni lita 1,000. Nyekundu ni lita ambazo hazijatimiza uniti. Nyeusi zilisoma 1272. Bili, ambayo dira yake ilisomwa siku sita nyuma, ilisema 1287. Dira hairudi nyuma! Ilikuwa 1267, msoma dira kaona 6 akaandika 8, na kwa kioo kile hata mimi ningekosea.

Nikapiga picha, namba ya dira yenyewe ikionekana pamoja na usomaji. Bila hiyo namba, watakwambia hiyo dira ni ya jirani.

Ningeishia hapo ningetamba mtaa mzima. Lakini bili ya nyuma iliishia 1240, na 1240 ukiitoa kwenye 1267 zinabaki 27. Bado karibu mara tatu ya kawaida yetu. Hapo hasira ikaanza kuhama.

Usiku saa nne, watu wote wamelala na koki zimefungwa, nikasoma namba nyekundu: 140. Saa kumi na moja na nusu alfajiri: 320. Lita 180 zimekwenda na hakuna aliyegusa bomba. Uani pakavu, tangi halifuriki. Fundi bomba akanishauri kwenye simu nitie bluu ya kufulia ndani ya tangi la kuflashi choo, nisiflashi, nisubiri robo saa. Niliporudi, sinki la choo lilikuwa bluu kama sare ya shule. Mpira unaoziba maji chini ya tangi hilo ulikuwa umeliwa, maji yanateleza kimyakimya usiku na mchana. Mpira mpya, shilingi 3,000.

Nikarudi ofisini na picha, bili mbili na hesabu yangu kwenye karatasi. Mara hii sikupandisha sauti. Nilijua pia kwamba wakikataa kunisikiliza, malalamiko ya maji yanapokelewa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ila sikulitaja jina hilo. Nilijaza fomu, nikaomba nakala yenye mhuri. Siku ya nne wakaja vijana wawili kuhakiki dira, na wiki iliyofuata bili ikashuka hadi uniti 27. Nikalipa zote. Za choo zilikuwa zangu, na aliyesoma 6 kama 8 asingenisaidia kuziba mpira.

Miezi miwili baadaye nilimkuta msoma dira ameshachuchumaa, anafuta kioo kwa kidole gumba. Nikamletea kitambaa. Tukasoma pamoja, yeye kwa sauti, mimi nikiandika kwenye kalenda ya jikoni. Uniti kumi.