Leseni ya Nyumbani, Barabara ya Ugenini

Wiki iliyopita nilikwenda Karonga, Malawi, kumzika mama yangu mdogo, na katika safari hiyo nimewaza mengi juu ya dereva anayeendesha gari katika nchi isiyo yake.

Sisi wa Mbeya tumezungukwa na mipaka kiasi kwamba tunasahau kuwa ni mipaka. Ukishika barabara ya Tukuyu pale Uyole, unateremka katikati ya chai na migomba hadi Kasumulu, unavuka mto Songwe, na tayari uko Malawi. Ukifuata barabara kuu kupitia Mbalizi na Vwawa, unafika Tunduma, na ng'ambo ni Nakonde, Zambia. Kote huko magari yanapita kushoto kama kwetu, na Kingonde cha Karonga kinafanana na Kinyakyusa kiasi kwamba mtu wa Rungwe hahitaji mkalimani. Ukaribu huo unawafanya wengi waondoke na leseni mfukoni tu, wakidhani inatosha.

Haitoshi. Gari nililoendesha ni la kaka yangu, kwa hiyo nilibeba kadi halisi ya gari na barua yake ya idhini iliyogongwa muhuri wa wakili, kibali cha kuingiza gari kwa muda kilichotolewa mpakani, na ile bima tunayoiita kadi ya njano, ambayo ni ya COMESA, jumuiya ya soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na ambayo Tanzania imeendelea kuitumia ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Pembetatu mbili zilikuwa nyuma ya kiti.

Mbele kidogo ya mpaka nilisimamishwa na trafiki, mama wa makamo. Alinisalimu, akaipokea leseni yangu, akaigeuza pande zote mbili, kisha akaniuliza kama nina kibali cha kimataifa cha udereva. Moyo ulinienda mbio ingawa nilijua jibu. Nilimweleza kwa adabu kwamba nchi zetu zote mbili ni wanachama wa SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, na kwamba itifaki ya uchukuzi ya mwaka 1996 inahimiza nchi wanachama kutambuliana leseni. Hakubishana nami, wala hakukubali papo hapo. Alikwenda kumwonyesha mkubwa wake aliyeketi chini ya mti, wakaisoma leseni pamoja, wakaisoma na barua ya kaka yangu neno kwa neno, halafu akarudi na kunirudishia kila karatasi. Akanipa pole ya msiba.

Muda ule wa kungoja ndio nisiousahau. Mgeni anaposimama kando ya barabara hana shangazi wa kumpigia simu, hajui kituo kiko wapi, na hata saa yake haiafikiani na ya wenyeji, kwa maana Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwetu tumezoea kuwashiana taa ili kuonyana kuwa mbele kuna tochi ya trafiki ya kupima mwendo. Ugenini hakuna wa kukuwashia taa, na mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi unaufuata kwa sababu ndio sheria.

Tangu nirudi, macho yangu yanawatafuta madereva wa malori kutoka Zambia na Kongo wanaosimamishwa kwenye barabara yetu ya TANZAM, ile iendayo Zambia. Nimewahi kumwona mmoja Mbalizi akiwa ameshika noti mkononi, akigeuka huku na huku, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba faini ya hapa, ile ya shilingi 30,000, huandikwa na kulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, naye ana haki ya kupewa stakabadhi. Ninaamini kabisa kwamba tunawiwa na watu hao utulivu uleule niliotendewa mimi, na maelezo kwa lugha wanayoielewa, bila haraka, hata kama foleni ya malori imefika mlimani.

Mdogo wangu anakwenda Lusaka mwezi ujao. Jana jioni tumebandika stika za kuakisi mwanga, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, kwa kuwa Zambia huzikagua. Kadi ya njano bado hajaikata. Nimemwambia Jumatatu asubuhi tutakwenda pamoja.