Presha yangu na pumzi za taratibu

Kabla ya yote: dawa ya presha bado nameza, amlodipini miligramu 5 kila asubuhi. Nalisema mapema kwa sababu kila anayesikia nafanya yoga hunivuta pembeni aniulize niliachaje vidonge. Sikuviacha, na sina mpango huo.

Kilichonipeleka kwenye yoga ni namba zilizokataa kushuka. Chumvi nilipunguza, sigara sijawahi kuvuta, lakini kipimo kilikuwa kinacheza kwenye 150/95. Daktari akaniuliza, "Mzee wangu, ukiwa kwenye foleni ya Ubungo unapumua vipi?" Nikacheka. Jioni ile nikiwa garini nikajichunguza: mabega juu, meno nimeyauma, pumzi fupifupi za juujuu.

Mwalimu wangu ni binti wa rika la wanangu, anafundisha kwenye ukumbi mdogo Upanga. Nilidhani nitaambiwa nijikunje. Wapi! Alinilaza chali, akanipa hesabu: vuta kwa nne, toa kwa sita. Ukizihesabu kwa sekunde, unapumua mara sita tu kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono uvizie: ukivuta, mapigo yanakimbia kidogo, ukitoa, yanapoa. Ni kazi ya neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo mpaka moyoni kuutuliza.

Mikao ya kichwa chini miguu juu alinikataza kabisa. Na kwenye ile ya kusimama, akiona uso umenikaza tu: "Baba, usibane pumzi." Ukibana pumzi huku misuli imekaza, presha inapanda palepale.

Kukaa kimya kwa tafakuri ndiko kulikonipa shida. Nafanya baada ya swala ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka, na akili bado hukimbilia ada za shule. Inakimbia, nairudisha kwenye pumzi, basi. Mama watoto alihofu nimeingia ibada ya watu. Siku moja akanifuata ukumbini, akakuta watu wazima wamelala chali, mmoja anakoroma. Hofu ikaishia hapo.

Wapenzi wa yoga hupenda kuutaja utafiti wa daktari Dean Ornish wa Marekani uliotoka 1990, ambapo mishipa ya moyo iliyosinyaa ilipanuka kidogo. Yoga ilikuwemo, kweli, lakini wagonjwa wale waliacha pia sigara, wakala vyakula vya mimea visivyo na mafuta mengi, wakafanya mazoezi. Pilau la wapishi watano humpi sifa mmoja. Mwaka 2017 Shirika la Moyo la Marekani lilisema tafakuri inaweza kuwa nyongeza ya matibabu, isichukue nafasi yake. Nami nipo hapohapo. Kifua kikibana, habari ya kuhesabu pumzi haipo. Ni hospitali moja kwa moja.

Siku hizi nyumbani napata karibu na 132/84, nikipima inavyotakiwa: nimetulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Kila kipimo naandika kwenye daftari. Daktari alikuwa amepanga kunipandisha hadi miligramu 10. Kliniki iliyopita akalipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, akaiacha dozi kwenye 5.