Dagaa Zilizonyeshewa

Juzi shemeji kanitumia kiroba cha dagaa kwa treni kutoka Kigoma, nimekifungua hapa jikoni Tabora harufu ikanipanda puani. Sio kwamba zimeoza, hapana, ni ile harufu ya dagaa iliyoonja mvua kabla haijakauka sawasawa, ukishaijua huisahau. Mke wangu hasikii kitu, anasema dagaa nzuri tu acha maringo. Kutupa siwezi, 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue ile miezi mitatu, Mei mpaka Agosti, tulizitafuta kama dawa. Basi nimekaa na kiroba mapajani namkumbuka Mama.

Mama sio mama yangu mzazi, ni yule bosi wangu wa kwanza pale Kibirizi, mwaloni Kigoma. Nilikuwa karani, miaka 23, diploma bado ya moto na simu ya tachi mpya. Tunapokea dagaa alfajiri mitumbwi ikirudi, zile siku za giza ndo kazi ipo, mbalamwezi ikikolea taa za wavuvi hazina maana tena na watu wanashona nyavu. Kinamama wanaanika, wanalipwa kwa beseni, na beseni linalohesabiwa ni lililokauka.

Siku hiyo bibi mmoja muanikaji akatazama ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa haionekani kabisa. Akasema karani, tuanue, hii mvua. Nikatoa simu nikamwonyesha, bibi hapa limeandikwa jua. Akaguna, akarudi kwenye chanja lake.

Saa nane ikashuka. Turubai zilikuwa mbili tu, mchanga ukawa uji, dagaa zinaelea zinarudi ziwani zilikotoka. Mama akatokea sijui wapi, kajifunga kanga kiunoni, hakuniuliza kitu, akachukua beseni akaanza kuzoa na sisi. Hapo ndo niliogopa zaidi, bora angefoka.

Mvua ilipokata tumesimama wote tumelowa, ndo akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Kuna mtu aliiona hii mvua?" Kimya. Nikasema bibi aliniambia. "Ukamjibu nini?" Nikasema. Kuna mwanamke akacheka, akajiziba mdomo na kanga. Mama akasema, "Haya baba, si yule pale."

Kutoka nilipokuwa mpaka kwa yule bibi ni hatua kama kumi, lakini niliona kama natembea kwenda Ujiji. Yeye kachuchumaa anachambua zilizobaki, magamba yamemganda mpaka kwenye viwiko, hata hakuinua kichwa. Nikachuchumaa na mimi, nikasema bibi nisamehe, uliniambia sikusikia. Akaendelea kuchambua. Akatupa moja, akatupa nyingine. Halafu akasema, "Sawa mjukuu wangu. Na hela yetu ya leo?"

Hilo sikulitegemea. Nikageuka kumtazama Mama, Mama anatazama ziwa. Wale kinamama wote macho kwangu. Mdomo ukanitoka tu, mtalipwa, mabeseni yote. Mama akatoa kidaftari chake kwenye mkoba wa nailoni, akaandika kitu, akaondoka.

Walilipwa kweli, jioni ile ile. Mwisho wa mwezi nikafungua bahasha yangu ndo nikajua walilipwa na nani.

Nilifanya naye kazi miaka mitatu na sikuwahi kumsikia yeye akimwambia mtu samahani, hata mara moja. Watu nikiwasimulia wanasema huyo ndo kiongozi bwana, alikufundisha. Inawezekana. Inawezekana pia alikuwa anaokoa hela ya tajiri tu, na mimi ndo nimekaa miaka yote hii naigeuza somo. Sijawahi kumuuliza na sasa hayupo.

Ila kuna kijana wangu wa stoo wiki iliyopita aliniambia paa linavuja ile kona ya mbegu, nikamjibu fundi ameshasaini kuwa limepona, karatasi ninayo. Akasema sawa bosi. Hajalirudia tena.

Na hapa Tabora tangu asubuhi kumetanda. Ngoja nivae viatu.