Krismasi yetu Muscat, ilituchukua miaka mitatu kuipatia

Naandikia wale mnaokuja Uarabuni kikazi mkiwa wawili, mume na mke, Wakristo, alafu Desemba inawakuta hamjui mshike lipi muache lipi. Sisi tulifika Muscat, mji mkuu wa Oman, Oktoba 2022. Mume wangu ni fundi wa AC, mimi nikaja kupata kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno. Mimi Mchaga wa Marangu, Mlutheri wa KKKT toka ubatizo, yeye Mhaya wa Bukoba, Mkatoliki wa ukoo mzima, na tulipooana kila mtu alibaki na kanisa lake, wazazi walishasemezana yakaisha.

Sasa kwa asiyejua, kwetu Desemba yote ni kurudi nyumbani. Mabasi yanajaa, magari yanapanda Moshi usiku na mchana, mpaka watu wanasema Wachaga wanaenda kuhesabiwa, na kiukweli ndo ilivyo, maana mama anahesabu kweli, fulani kafika, fulani bado, fulani mwaka huu haji. Mbuzi anachinjwa, mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, unapikwa kwenye sufuria la shughuli, mnakaa mgombani mpaka giza. Kwa mume wangu Krismasi inakutana na senene, wale panzi wa kukaanga, wanaruka Novemba na Desemba, kwake bila harufu ya senene kwenye kikaango sikukuu haijafika. Kwahiyo tulikuja na sikukuu mbili tofauti kichwani na hatukuwahi kukaa chini kuliongelea hilo.

Krismasi ya 2022 iliangukia Jumapili. Nyumbani ungefurahi, Jumapili na Krismasi kwa pamoja, lakini Oman wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili ndo siku ya kwanza ya kazi, na Krismasi sio sikukuu ya serikali, ni siku kama siku nyingine. Mume wangu aliomba ruhusa siku mbili kabla, akaambiwa ratiba imeshapangwa. Hata ungekuwa wewe msimamizi usingeweza, watu wako wachache na kazi za watu zinasubiri, ila siku ile sikuliona hivyo, niliona tumeonewa. Na kilichoniuma zaidi ni Jumamosi yake, mkesha, siku ambayo wote tulikuwa nyumbani. Tulibishana kanisa lipi. Mimi nataka langu, yeye lake, hakuna aliyepandisha sauti lakini mpaka saa tatu usiku hakuna aliyevaa viatu. Tukalala. Mkesha wa Krismasi tukalala!

Asubuhi yake akaenda kazini saa kumi na mbili. Mimi nikaamua nipike mtori ili angalau akirudi akute harufu ya nyumbani. Nikachukua ndizi kwenye duka la Wahindi wa Kerala, zile ndefu zinazofanana na mzuzu, sikujua, nikazichemsha na nyama, nikaziponda, ukatoka mtori mtamu kama wa sukari na nyuzinyuzi. Nikajaribu kumpigia mama WhatsApp, haikupigika, kipindi kile simu za WhatsApp Oman zilikuwa hazipiti, meseji na voisi zinaenda ila kupiga hapana. Nikamtumia voisi. Akanijibu na yeye kwa voisi, nyuma yake nasikia watoto, nasikia mtu anaita "lete kisu", na mama anasema "mwanangu mmekula?" Nilikaa chini jikoni nikalia. Mume wangu alirudi saa mbili usiku na vumbi la dari kwenye kope, akala ule mtori wote, hakusema neno kuhusu utamu wake.

Nimeeleza yote hayo kwa sababu najua wapo watu wanapita hapo sasa hivi wanadhani ni udhaifu wa imani. Sio imani, ni mipango. Hakuna aliyetukataza kusali. Makanisa yapo, Muscat kuna maeneo mawili yaliyotengwa kwa ajili hiyo, Ruwi na Ghala, ardhi ilitolewa na Sultani Qaboos, aliyekuwa mtawala wa Oman, ibada zote zinafanyika humo. Wakatoliki wana Mtakatifu Petro na Paulo pale Ruwi, na Roho Mtakatifu Ghala, Waprotestanti wanalo lao, Waorthodoksi na Mar Thoma, kanisa la Wahindi wa Kerala, nao wapo. Ibada kubwa ya wiki ni Ijumaa. Mwanzoni nilijisikia vibaya, Ijumaa nimevaa gauni la kanisani, ila ukishaingia ukasikia watu mia kadhaa wanaimba unasahau ni siku gani.

Cha kwanza tulichorekebisha ni hilo la kanisa. Tulikubaliana mapema kabisa, Februari 2023 mwanzo wa Kwaresima: mkesha wa Krismasi tunaenda kwake, tarehe 25 jioni kwangu. Pasaka tunageuza, mkesha kwangu, kwake siku nyingine ya juma lile. Na sio kwenda kumsindikiza mtu, unakwenda kusali. Misa ya mkesha ya 2023 ndo ilinibadilisha. Uwanja umejaa mpaka nje, Wafilipino walikuwa wamemaliza novena yao ya siku tisa toka tarehe 16, wamekuja na watoto wamevaa nadhifu, Wahindi wa Goa na wa Kerala, Waafrika wachache tunatambuana kwa mbali tunapungiana mkono. Wakati wa komunyo mume wangu akasimama akaenda, mimi nikabaki benchini kwa sababu sipokei kule. Mama mmoja wa Goa pembeni yangu, simjui hanijui, akaniona nimebaki akanishika mkono akaushikilia mpaka mume wangu aliporudi. Saa sita usiku ya Muscat ni saa tano ya nyumbani, nikawaza mama yangu saa hii ndo wanajiandaa kulala, na mimi kwa mara ya kwanza sikujisikia niko mbali nao.

Cha pili kazi. Hapa nisikilizeni vizuri maana ndo watu wengi wanakwama. Usiombe ofu ya Krismasi Desemba. Kwenye kliniki tunafungua hata Idi kwa shifti, watu wenye dharura ya meno hawachagui siku, na kila Idi ilikuwa vita ya nani abaki. Mimi nikamfuata dada mmoja Msudani tunayekaa naye mapokezi, nikamwambia Idi zote mbili nitakaa mimi, wewe ukae na watoto wako, na tarehe 24 jioni na 25 unishikie. Alinikumbatia. Tukampelekea msimamizi yameshaandikwa majina na tarehe, akasaini hapo hapo maana tumemuondolea tatizo. Mume wangu naye akafanya hivyo hivyo na wenzake wa Pakistan na Bangladesh. Toka hapo hatujawahi kukosa. Na hizo Idi ninazokaa kazini nazipenda, wagonjwa ni wachache, na jioni wenzangu wananiletea sahani.

Pasaka ina mpangilio wake na ni rahisi kuliko Krismasi. Ijumaa Kuu kwa hapa unaipata bure, ni wikendi. Mkesha wa Pasaka ni Jumamosi, wikendi pia. Jumapili yenyewe unaenda kazini na Aleluya moyoni, basi.

Ila 2023 na 2024 Pasaka iliingia katikati ya Ramadhani, na hapa lazima nimtaje Bibi. Tunaishi naye jengo moja, ghorofa ya chini yetu. Alitusikia kwenye lifti tunaongea, akageuka, "Nyie watu wa wapi?" kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu. Oman utawakuta wengi, familia zilizoondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, wengine wakapita nchi nyingine kwanza, wakarudi huku baada ya Sultani Qaboos kushika nchi 1970. Yeye aliondoka ana miaka minane. Toka siku ile kila nikipita ni "shikamoo bibi", "marahaba mwanangu, mbona umekonda?" Siku moja nikamwambia bibi sikukuu yetu inakaribia, akashangaa, "sikukuu gani tena mwanangu na mwezi haujaandama?" maana kwake sikukuu ni Idi.

Ijumaa Kuu ya 2024 ilikuwa tarehe 29 Machi. Bibi akatuita futari. Nikaingiwa na wasiwasi, mume wangu siku hiyo hali nyama, na futari ya watu huwezi kuipangia. Nikamwambia ukweli, nikasema bibi leo na sisi tumefunga, ni siku aliyokufa Bwana wetu, nyama hatuli. Akasema tu "haya". Tulipoteremka saa kumi na mbili na robo hivi mkeka umetandikwa, kaimati, tambi, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, alafu katikati changu mzima wa kupaka, nazi imekauka juu imeanza kuungua pembeni. Wanawe walikuwa wanauliza nyama iko wapi, akawajibu "leo wageni wangu hawali nyama, na nyie hamli". Adhana ikalia, akampa mume wangu tende ya kwanza kabla ya wanawe. Watu tisa, wote tulikuwa na njaa ya siku nzima. Sijawahi kuishika Ijumaa Kuu vile hata nyumbani.

Toka siku ile tukaacha kuifanya Krismasi kama kitu cha kujificha ndani na kusikitikia Moshi. Krismasi ya 2024 tukasema tunachinja. Ijumaa tarehe 20 Desemba mtoto wa Bibi akatupeleka Nizwa, kama mwendo wa saa moja na nusu, kuna mnada wa mifugo kila Ijumaa asubuhi. Ni duara, wauzaji wanazunguka wanavuta mbuzi kwa kamba wanataja bei kwa sauti, wanunuzi wamechuchumaa pande zote, ukimtaka unamsimamisha mwenye kamba, unamshika mbuzi mgongoni, unamfungua mdomo unaangalia meno. Mume wangu alishika mbuzi kama kumi na mbili. Wa kienyeji ni ghali kuliko wale wanaoletwa na meli toka Somalia, lakini tulikuwa tumeweka pesa kidogo kidogo toka Juni, tukachukua beberu mweusi wa kienyeji. Kachinjwa machinjioni, kachinjwa na Muislamu, na hilo lilinifurahisha sana kwa sababu ndo utaratibu wa nyumbani, hata Marangu baba alikuwa anamwita mzee wa Kiislamu aje achinje ili jirani yeyote akija ale bila wasiwasi.

Ndizi za mtori safari hii nilipata za Salalah, kule kusini wanalima ndizi na nazi, zikaletwa mbichi kabisa. Nilichemsha na mifupa, nikaziponda, nikaweka kitunguu na siagi mwishoni, ukawa mweupe, mzito, unashika kijiko. Senene mama mkwe alituma kwa mtu, waliokaangwa wakakaushwa, kopo moja, mume wangu alikaa nalo mapajani kama mtoto. Tarehe 25 ilikuwa Jumatano. Mchana wakaja Bibi na wanawe wawili, Wakenya wawili wa kanisani kwangu, na yule mama wa Goa ambaye siku hizi ni rafiki, alibeba boksi la vitumbua na keki zao za Krismasi. Jioni tukaenda ibada.

Kabla ya ibada tulimpigia mama kwa Google Meet, mjomba wangu mdogo ndo alimfundisha, inapita vizuri tu, msihangaike na WhatsApp. Mama akaanza kuhesabu kama kawaida yake, huyu kafika, yule bado, akafika kwetu akanyamaza kidogo. Nikampa Bibi simu. Nilidhani watasalimiana tu. Bibi akamuuliza, "mwenzangu, huu mtori mnaupika kila siku au wa sikukuu?" Mama akamwambia wa mzazi pia, mwanamke akijifungua. Wakaenda dakika arobaini, ndizi, mvua, magoti, watoto wasiopiga simu, sisi tumesimama na koti mkononi tunachelewa kanisani, na mama kabla ya kukata akasema, haya, na wewe nimekuhesabu.

Naandika haya kabla ya Krismasi ya 2025, ambayo ni Alhamisi, inaungana na wikendi, siku tatu mfululizo. Majina na tarehe msimamizi kashasaini toka Septemba, na ndizi Bibi amesema tusiguse pesa yetu, ataagiza mwenyewe.