Kabla ya kuilaumu hukumu ya Tom Robinson

Mnaosoma To Kill a Mockingbird (1960), riwaya ya Harper Lee, kwa kikundi, iwe Mji Mkongwe au Chake Chake, msiikimbilie hukumu ya Tom Robinson, mtu mweusi wa Alabama, Marekani, anayeshtakiwa kumbaka Mayella, msichana wa Kizungu. Kaeni kwanza kwenye ushahidi. Mayella kaumia upande wa kulia wa uso. Simamisheni watu wawili uso kwa uso barazani: pigo la kulifikia shavu la kulia la mwenzako hutoka, kwa kawaida, mkono wa kushoto. Wa Tom umelemaa, ulinaswa na mashine ya kuchambulia pamba utotoni. Baba yake Mayella, akitakiwa aandike jina lake mahakamani, anaandika kwa kushoto.

Basi mbona Tom anatiwa hatiani? Hapa wengi hukwama, wakamlaumu wakili wake. Tazameni viti. Watu 12 wa juri, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, ni Wazungu watupu. Watu weusi wamepandishwa roshani. Na hili halikubuniwa: mwaka 1935, katika kesi ya vijana weusi wa Scottsboro, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Alabama iliwatenga watu weusi kwenye juri kwa sababu ya rangi yao.

Kasoro kubwa ya riwaya hii, kwa maoni yangu, ni kwamba dhuluma yote tunaiona kwa macho ya mtoto wa Kizungu. Kwa hiyo someni pia riwaya ya Mildred D. Taylor, Roll of Thunder, Hear My Cry (1976). Fungueni pale Little Man, mwanafunzi mweusi, anapopewa kitabu cha shule: ndani ya jalada pana orodha ya waliokitumia na rangi zao. Kilipokuwa kipya kilipewa Mzungu. Kimefika kwa mtoto mweusi kimeshachakaa kabisa.