Daftari la kijani, kutoka Malindi mpaka Pemba

Nlipanda boti ya asubuhi pale Malindi, bandari ya mjini Unguja, na begi moja, ndani mna nguo mbili, halua alonipa bi mkubwa, na daftari la jalada la kijani ambalo ndo sababu ya safari nzima. Mama mmoja alokaa ubavuni kwangu akaniuliza, unakwenda Pemba kwa nani mwanangu, nkamwambia kwa shoga yangu, akasema haya umsalimie. Na ndo ukweli, kwetu visiwani shoga ni rafiki wa mwanamke kwa mwanamke, bibi zetu wote walikua na mashoga zao, ni bara na mitandaoni neno lilikogeuzwa likawa la kumtukania mwanamme. Mie nalipenda kwa maana zake zote, na siku ile lilinivusha bila kusema uongo hata kidogo.

Shoga yangu huyu (jina simtaji wala kijiji, mtanisamehe) tulisoma hesabu pamoja chuo. Mie nlikua nakariri hatua, yeye anaona. Analitazama swali, anakaa kimya, halafu anasema hapa kuna ulinganifu, na ukitafuta kweli unaukuta. Mwaka wa tatu maneno yakaanza kutembea juu yake, kaonekana na nani, wapi, na hakuna alompiga wala kumfukuza, isipokua wale tulokua tunasoma nao usiku waliacha kumwita. Basi, hivyo tu. Watu wanasema hesabu haijali wewe ni nani, jibu ni jibu, na mie nakubali jibu halijali, lakini hesabu wanasoma watu, mmoja kashika chaki mwengine anamkatiza "ngoja ngoja, hapo umeruka hatua", na mtu akishakosa wa kumkatiza hesabu inamkauka mkononi. Alimaliza digrii yake akarudi Pemba na hakuigusa tena. Alikua bora kutushinda sote. Mpaka leo roho inaniuma kwasababu na mie nlinyamaza, nliogopa wakishamaliza kumtazama yeye watanigeukia mimi, maana mie pia ni kuchu, yani napenda wa jinsia yangu, na wakati ule hata yeye nlikua sijamwambia.

Tulipofika mkondo wa Nungwi boti ikaanza kupanda na kushuka, watu kimya, wengine wanasoma dua, pale ndo ilipozama ile meli ya usiku 2011 na kila anaevuka anakumbuka. Yule mama akanishika mkono mpaka tukapita.

Mkoani nkapata gari ya Chake. Ilikua msimu wa karafuu, yani harufu inaingia mpaka kwenye nguo, majamvi yametandikwa pembeni mwa barabara na watoto wanazipindua zikauke. Wachumaji wanalipwa kwa pishi, na pishi ni vibaba vinne, sasa dada mmoja kwenye gari alikua anajumlisha pishi zake za wiki nzima kwa vidole, haraka kuliko wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wenye simu mkononi, nkatamani kumuuliza skuli aliishia wapi. Sikumuuliza.

Shoga yangu kanipokea njia panda, kakonda kidogo, kacheka vilevile. Tukala muhogo wa nazi na pweza, bi mkubwa wake akatuombea dua akaenda kulala, umeme ukakatika, tukabaki ukumbini na taa ya simu. Nkatoa daftari.

Ndani mlikua na majina, nmeyaandika kwa mkono mwezi mzima. Kwa nini nisiweke kwenye simu? Kwasababu simu inaazimwa, inachunguliwa, na sheria yetu kwa watu kama sisi ni kifungo, 2004 Baraza la Wawakilishi liliikaza zaidi. Daftari la mwalimu wa hesabu hakuna anaelifungua.

Nkamsomea. Nkamwambia Marekani kuna jumuiya ya wanahisabati kama sisi, inaitwa Spectra, na asili yake ni mkutano mkubwa wa hesabu wa Januari 1995 ulotakiwa kufanyika Denver. Wapiga kura wa jimbo lile, Colorado, walikua wamepitisha 1992 kifungu cha kuzuia sheria za kuwalinda watu kama sisi, basi vyama vya hesabu vikauhamisha mkutano wote vikaupeleka San Francisco. Wanahisabati hao! Leo jumuiya ile ina orodha ya wanaokubali kutajwa waziwazi. Nkamsomea Emily Riehl, mwanahisabati wa tawi linaloitwa nadharia ya kategoria, hajifichi. Nkamsomea Goresky na MacPherson, wanaume wawili wapenzi, na homolojia ya makutano, nadharia ya hesabu ya maumbo, walioitunga pamoja, makala ya 1980 ina majina yao yote mawili.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwaiyo wapo?"

"Wapo."

Sikumwambia na sisi tuweke majina yetu, hapa kwetu jina likitoka linatoka na mama yako na wadogo zako. Ila wao kujitaja kumenifaa mie nisoweza kujitaja, na nlitaka kumfae na yeye. Halafu nkamwambia na langu lipo humo, ukurasa wa mwisho. Akalisoma. Akaniangalia muda mrefu, akanishika mkono kama yule mama wa kwenye boti.

Tukaja kwa Turing, yule mwanahisabati wa Kiingereza. Shoga yangu alimjua kwa mashine zake za kukokotoa za 1936 tu. Nkamwambia 1952 alihukumiwa kwa kumpenda mwanamme, wakamtia dawa za homoni, na mwaka huohuo akatoa makala ya vipi madoa ya mnyama yanaweza kujipanga. 1954 akafa, na 2021 Waingereza wakamtia kwenye noti ya pauni 50. Nkamkumbusha yule chui wa Unguja alokaushwa kwenye makumbusho, chui waliosakwa baada ya Mapinduzi kwa kuaminiwa wanafugwa na wachawi mpaka leo huwaoni. Hesabu ya Turing ni ya madoa kama yale. Vitu viwili mwilini, nkamwambia, kimoja kinachochea rangi, chengine kinazuia, vyote vinasambaa, basi madoa yanatokea.

"Ngoja ngoja," akasema, "hapo umeruka hatua."

Nlikaa kimya kwasababu nngesema kitu nngelia.

"Sukari ukiitia kwenye chai ikisambaa inakua sawa kikombe kizima. Kusambaa kunasawazisha. Vipi hapa kunaleta madoa?" Akenda jikoni akarudi na kipande cha mkaa, akaandika milinganyo miwili kwenye sakafu ya saruji, akafuta kwa kiganja, akaandika tena, mpaka akaona kwamba kinachozuia lazima kisambae kwa kasi zaidi kuliko kinachochochea, hapo ndo usawa unavunjika. Saa nane za usiku ilikua. Nkamwambia Makunduchi yupo mwengine, anasomesha fizikia, nae yuko peke yake. Akasema safari ijayo njoo nae.

Asubuhi bi mkubwa akatoka na ndoo na tambara, akasimama.

"Nini hivi?"

"Hesabu, mama."

Akatazama ukumbi wote, akaiweka ndoo chini. "Basi ntapiga deki mkishamaliza."